Madam Sella, Nambari Thelathini na Saba Kwenye Foleni

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Madam Sella Ayuma anastaafu baada ya kuitumikia Maktaba ya Jamii ya Rafu Tatu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Kamati imeniomba mimi, Nzuki wa katalogi, niandike wasifu wake kwa sababu tumekaa ofisi moja miaka kumi na minane na kwa sababu, kama mwenyekiti alivyosema mbele ya watu, mimi ndiye niliyegombana naye zaidi. Yote mawili ni kweli na sioni aibu.

Madam alianza kazi Septemba 1994 pale mtaa wa Laini Saba, akiwa na miaka ishirini na tisa, kwenye chumba kimoja cha mabati kilichokuwa na rafu tatu. Jina letu limetoka hapo. Rafu ya kwanza ilikuwa ya vitabu vya dini, ya pili ya marudio ya mitihani, na ya tatu ilikuwa tupu. Akaambiwa aijaze kwa namna anavyoona inafaa. Madam akaijaza riwaya za vijana, zote, kuanzia mwanzo wa ubao hadi mwisho. Baada ya mwezi mmoja mwenyekiti wa wakati huo alipita kukagua, akakuta wasichana wawili wanavutana kitabu hadi jalada limebaki mkononi mwa mmoja. Mzee wa watu akashika kichwa. Madam alimwambia amekaa mwezi mzima akiomba Mungu aone kitu kama hicho. Leo tuna rafu arobaini na sita, pamoja na tawi la mtaa wa Kawangware 46 alilolifungua mwaka wa 2009.

Kijana akiingia, Madam hamuulizi yuko kidato gani wala anapenda somo gani. Humuuliza wiki hii amekosana na nani. Akishajua kama ni mama, dada, rafiki au mwalimu wa hesabu, anainuka, anakwenda moja kwa moja kwenye rafu na kurudi na kitabu. Nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara na bado sijui anajuaje.

Halafu kuna zile Jumamosi za Vijana. Mimi ni mtu wa kimya. Napenda kadi zilizonyooka na watu wanaonong'ona. Madam aliamini kwamba maktaba yenye kimya ina kasoro, na kila Jumamosi alihakikisha kasoro hiyo haipo. Alianzisha mahakama ya wahusika wabaya, yeye hakimu, amevaa joho la kwaya ya kanisa. Mwaka mmoja walimhukumu baba wa kambo wa riwaya fulani kufagia maktaba siku thelathini, na kijana aliyeigiza sehemu yake akatumikia kifungo chote, Jumapili zikiwemo. Jumamosi nyingine msichana mmoja alifika ukurasa mbaya, akaruka kutoka kwenye kiti akipiga kelele kwamba wamemuua. Jirani yetu alikuja mbio na mwiko wa ugali mkononi akitaka kujua aliyeuawa ni nani na muuaji ameelekea wapi. Alipoelezwa, alikaa chini akaomba asomewe kuanzia mwanzo.

Kuhusu ugomvi wetu, sitaficha. Nilikuwa nikisema riwaya za vijana ni chipsi, tamu mdomoni, hazina faida mwilini. Madam hakubishana. Kila Jumatatu aliniwekea riwaya moja mezani, na kila Jumanne nilimrudishia nikimwambia asante, ni nzuri. Naye aliniuliza kwa upole mbwa wa kwenye hadithi anaitwaje. Nilikuwa nikijibu Simba. Miaka mitatu nimejibu Simba, kabla ya kijana mmoja kunihurumia na kuniambia kwamba katika vitabu vyote vile hapakuwa na mbwa hata mmoja.

Kazi yake kubwa, ambayo wageni huja kuiangalia, ni Chama cha Hadithi. Wazazi wengi hapa wamo kwenye chama fulani cha kuchangiana pesa, zamu kwa zamu, na Madam alichukua utaratibu uleule akauhamishia kwenye vitabu, maana nakala ni chache na vijana ni wengi. Sheria ziko ukutani kwenye karatasi ya manila. Kila mwanachama ana siku nne. Foleni ni foleni. Zamu haihamishwi kwa mtu mwingine. Sheria hii iliwekwa kwa sababu ya kijana Ken, aliyeuza zamu yake kwa chapati mbili na maharagwe. Kitabu kimoja, vichwa vitatu, si zaidi, tangu watu watano waliposoma pamoja na kitabu kurudi kikiwa vipande viwili. Na ya mwisho, inayoogopwa kuliko zote: atakayemwaga mtama akamwambia mwenzake hadithi inavyokwisha atabeba mtungi wa maji wa lita ishirini kutoka kioski cha maji cha Mashimoni hadi choo cha maktaba.

Sheria hiyo haijui mkubwa. Mwaka wa 2019 Madam mwenyewe, akimsifia msichana riwaya moja, aliteleza akasema ni vizuri dada mtu alipona. Maktaba nzima ikanyamaza. Mara hiyo moja tu nilipata kimya nilichokuwa nikikitafuta. Madam alivua koti, akajitwika mtungi, akavuka reli hadi mlangoni, na vijana wakamfuata nyuma wakiimba. Hakumwaga hata tone, na amekuwa akinikumbusha jambo hilo hadi leo.

Sasa niingie kwenye kosa langu, kwa sababu bila kulieleza hamtaelewa siku ya leo.

Kuna riwaya ya vitabu vinne inayoitwa Jiji Chini ya Ziwa. Kitabu cha tatu kinaishia pale Apiyo, binti wa miaka kumi na sita, amesimama mbele ya mlango wa jiji na ufunguo mkononi, na mlango ule unapitisha watu wawili tu. Nyuma yake wamesimama Otis na Jaro. Hapo ndipo mwandishi alipotuacha, miaka miwili mizima. Laini Saba wote ni wa Otis. Kawangware 46 wote ni wa Jaro. Madam, aliyekuwa na meza yake Laini Saba, alitangaza hadharani kwamba yeye ni wa Jaro, na kuna watoto ambao hawakumsalimia wiki nzima.

Kitabu cha nne kilipotangazwa, mimi ndiye niliyejaza fomu ya kuagiza. Nilitakiwa kuagiza nakala arobaini za riwaya hiyo na nakala moja ya mwongozo wa ufugaji wa kuku, ulioombwa na kina mama wa Mashimoni. Nilipishanisha mistari. Tarehe 1 Septemba tulifungua masanduku tukakuta kuku arobaini na Apiyo mmoja. Nilipiga simu, nikaambiwa riwaya imekwisha, itachapishwa tena mwezi wa tatu mwakani.

Orodha ya foleni ilifunguliwa siku hiyohiyo, Madam akiwa Kawangware kwenye mkutano. Aliporudi jioni alikuta majina thelathini na sita. Aliandika lake chini yake, nambari thelathini na saba, kwa mwandiko wake wa kulala. Nilimvuta pembeni nikamwambia kitabu kiko mezani kwangu, akichukue usiku huu, nani atajua. Aliniangalia jinsi mama anavyomwangalia mtoto aliyemkuta mkono ndani ya sufuria. Sikurudia.

Ila hesabu ilikuwa mbaya. Watu thelathini na sita, siku nne kila mmoja, zamu yake ingefika mwishoni mwa Januari. Kufikia hapo atakuwa amehamia kwao Vihiga, na Chama, kwa sheria aliyoiandika mwenyewe, ni cha wakazi wa hapa. Mtu aliyewapa vijana wetu hadithi kwa miaka thelathini na mmoja angeondoka bila kujua mwisho wa ile anayoipenda kuliko zote. Siku moja nilimkuta amesimama rafuni na kitabu cha tatu, anausoma upya ukurasa wa mwisho. Alikirudisha, akasema, "Si kitu, Nzuki. Nitajimalizia mwenyewe kichwani." Roho iliniuma sana. Nilikwenda nikamwambia Whitney, katibu wa Chama, binti wa miaka kumi na saba wa Laini Saba ambaye hajawahi kuniona na maana yoyote.

Whitney alisikiliza, akasema, "Mwalimu Nzuki, wewe ndiye uliharibu, lakini sisi ndio tutapanga." Akampigia Marvin, mwenyekiti wa tawi la Kawangware 46. Kumpa Madam zamu ya mtu ilikuwa haiwezekani, sheria inakataza, na angeikataa. Njia ilikuwa moja: foleni isonge haraka. Tarehe 1 Novemba walikuwa wamebaki watu ishirini na mmoja na siku ishirini na saba. Vichwa vitatu kwa kitabu ni makundi saba. Makundi sita yangepewa siku nne kila moja, na la saba limalize kwa siku tatu, kurasa mia nne thelathini na sita.

Basi wakaanza kusoma kwa sauti, mmoja anasoma, wawili wanasikiliza, wanapokezana. Shida ni kwamba nyumba zetu zina kuta nyembamba. Kawangware walisomea kwenye saluni ya Mama Phanice, na wateja waliokuja kusuka mistari sita wakaagiza mistari kumi na miwili ili wasiondoke kabla sura haijakwisha. Laini Saba walisomea kwenye karakana ya fundi wa mageti, ambaye alizima mashine yake akamwambia mteja arudi kesho, Apiyo yuko matatani. Kufikia katikati ya mwezi, nusu ya mtaa ilijua mwisho wa hadithi na Madam Sella peke yake ndiye hakujua.

Tulimlinda kama yai. Muuza maji wa Mashimoni alimwamkia asubuhi moja akianza, "Madam, sasa huyu Jaro," na Whitney akapatwa na kikohozi ambacho kingempeleka hospitali. Fundi wa mageti aliteleza mara mbili mbele ya watu ambao zamu yao haijafika, akabeba mitungi miwili bila kunung'unika. Mama Phanice alibeba minne. Tangi la choo chetu halijawahi kujaa hivyo tangu lijengwe, na Madam akaandika kwenye ripoti yake ya mwezi kwamba anaona wakazi wameanza kujali usafi.

Kundi la saba lilikuwa la Billy, Christine na Oyoo, na lilipewa kitabu Jumanne wiki hii. Jumanne hiyohiyo homa iliyokuwa ikizunguka iliwakausha sauti wote watatu. Walikuja ofisini kwangu saa ya chai, wamejifunga mitandio shingoni. Billy akaweka karatasi mezani, imeandikwa: Tusomee.

Nilisoma. Siku tatu nilikuwa stoo, mlango umefungwa, nimeketi juu ya miongozo ya kuku, nasoma riwaya ya vijana kwa sauti huku Madam akiamini nahesabu samani. Jana saa tisa alasiri nilifika ukurasa wa 412. Nilijaribu kuendelea, sauti ikagoma. Wale watoto watatu wasio na sauti walingoja, wakanipa karatasi ya shashi, na Christine akanipigapiga mgongoni. Madam, nilikosea kwa miaka kumi na minane. Hizi si chipsi. Na nakuahidi, katika hiki pia hakuna mbwa.

Kwa niaba ya kamati, wafanyakazi na wanachama wote wa Chama, asante kwa rafu ya tatu. Asante kwa kelele. Kamati imekuandalia zawadi rasmi, nakala ya mwongozo wa ufugaji wa kuku kwa ajili ya maisha yako mapya, na ukihitaji nyingine tunazo.

Na sasa, Madam, kama unasoma hapa ukiwa umekaa kiti chako cha mbele, pitisha mkono chini ya kiti. Kitabu kimefungwa kwa karatasi ya kaki, usiichane kwa meno. Kwenye kadi kuna jina lako, nambari thelathini na saba, na mhuri wa leo. Majina yote thelathini na sita yaliyo juu yako yametiwa sahihi ya kurudisha. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyehamisha zamu. Yahesabu, tunajua utayahesabu.

Una siku nne kama mwanachama mwingine yeyote. Kitabu kinarudi Jumanne tarehe 2 Desemba. Tiketi yako ya basi ya kesho asubuhi Marvin ameshaibadilisha iwe ya Jumatano, usimgombeze, tulimtuma sote. Nambari thelathini na nane ni Caren, ana miaka kumi na mitatu, amekosana na dada yake, na ameketi mlangoni tangu adhuhuri akikutazama mikono. Ukichelewa siku moja, mtungi mmoja, na kioski cha Mashimoni unakijua.

Kuanzia leo hadi Jumanne tunakutakia usomaji mwema. Maisha mema tunakutakia kuanzia Jumatano.