Udongo wa Paa la Mama Mkwe

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi, Waislamu kwa Wakristo, kila mtu namsalimu kwa salamu yake. Mimi si msemaji, mnanijua, labda nikikasirika. Leo sijakasirika.

Wageni wetu kutoka Misigiri wameona nyasi za pale mtoni, wakauliza tulizipataje. Ndugu zangu, nawaambia, pale palikuwa makorongo matupu.

Chanzo ni ule mti wa miiba. Tulipewa miche, tukaambiwa ni ua zuri la boma. Mbuzi wakala maganda yake, wakaenda kuziacha mbegu mtoni na mavi yao, na haikuchukua muda kingo zote zikawa kichaka. Nyasi za chini zikafa. Ng'ombe wakawa wanatoka huko wanachechemea.

Ikaja miaka ile ya ruksa. Biashara ikafunguliwa, malori ya kununua mkaa yakafika mpaka kwetu huku Mtinko. Tulifurahi! Adui tunamwondoa, na bado tunalipwa. Sasa sikieni kosa letu Wanyaturu: kwetu shamba si shamba mpaka kisiki kitoke. Tukang'oa hadi mizizi, tukazifagia kingo za mto kana kwamba tunataka kupanda uwele. Masika yalipoanza, maji yakaondoka na udongo wote.

Mimi nilikuwa mjane, nimeachiwa ng'ombe na marehemu, na malisho yangu yalikuwa pale pale. Shemeji yangu akaja. "Shemeji, hawa ng'ombe watakufia. Niache niwahamishie kusini." Ng'ombe wakihama, maziwa yamehama na samadi imehama, na mashamba yetu bila samadi mnayajua. Nikamwomba anisubiri masika moja tu. Akakubali kwa mdomo, uso ukakataa. Nililia, jamani, siwafichi.

Kiangazi hicho mabati yalikuwa yamejaa maduka ya mjini, nami kwa vitunguu vyangu nilipata ya kuezekea. Tukabomoa paa la udongo la tembe yetu ya zamani. Mama mkwe wangu, aliyeingia humo akiwa bibi harusi, alinuna. "Unanivua nguo, na mvua inakuja."

Udongo wa paa ukajaa uani, sina pa kuupeleka. Chini ya zizi palikuwa na korongo ambalo ndama wangu alishatumbukia. Nikalaza matawi ya miiba yaliyosalia, nikamwaga udongo nyuma yake, ili tu ndama wasitumbukie tena. Sikuwa na akili zaidi ya hiyo, msije mkanisifu bure.

Mvua ikanyesha. Matawi yakapunguza mwendo wa maji, udongo ukatulia, halafu pakachipua kijani. Nikamwita mama mkwe. Akainama, akachuma jani, akalitafuna.

"Hizi ni nyasi za mtoni," akasema. "Udongo wa paa lile tuliuchimba pale kingoni, mimi na baba yenu. Hukuona mbuzi walivyokuwa wanapanda juu ya nyumba kila masika kuzila?"

Kuona nimeona! Mbuzi wale nimewafukuza kwa mawe tangu niolewe.

Basi bibi yule aliyeninunia akaanza kupita kila nyumba inayobomoa tembe. "Udongo wa paa usimwage njiani. Mtoni!" Shemeji naye akafunga maksai kwenye mkokoteni. Tukalaza miiba kukinga kila korongo, udongo nyuma yake, samadi juu. Halafu tukazuia mifugo isiingie, nyasi tukawa tunazikata kwa mundu na kubeba kichwani. Hapo tuligombana sana, na wengine mlioninunia mmo humu ndani. Miche ya ule mti nayo tunaing'oa kwa mkono kila baada ya mvua, ingali midogo.

Ng'ombe wangu hawakuhama.

Shemeji, ahsante kwa mkokoteni, na zaidi kwa kunisubiri. Nanyi mliobeba mapaa yenu kwa ndoo na karai, Mungu awalipe. Ninachowaombeni ni kimoja: ukiondoa kitu kibaya, kabla hujashangilia, fikiria ni nini kitakaa pale.

Mama mkwe hayupo nasi tena. Bati hakulipenda mpaka mwisho, alisema lina kelele. Jioni alitaka nimpeleke mtoni, akae katikati ya nyasi. Nikimwambia, "Mama, giza linaingia, turudi nyumbani," ananijibu, "Rudi wewe. Mimi niko chini ya paa langu."