Nyumba Aliyohama Mwalimu Januarius

Kijiwe cha kahawa cha Hilali, hapo Bariadi mjini, kinatazamana na nyumba ya watumishi. Mwalimu Januarius alihama humo pamba ya mwaka jana ikivunwa. Ya mwaka huu imeshauzwa, nyumba bado tupu, na majani yamefika dirishani. Mboje, fundi cherehani, alikuwa hanywi kahawa bila kulitupia jicho lile dirisha. Asubuhi moja uvumilivu ukamwisha.

— Hivi jamani, nyumba hii inasubiri nini?

— Rangi ikauke, alisema Bujiku wa bodaboda, wanayemwita Injinia.

— Mwaka mzima? Rangi au uji?

— Acheni utani, alidakia mzee Gharib wa duka la vitenge, Jaji wa kijiwe. Kuna mkubwa anamwekea shemeji yake. Shemeji mwenyewe bado anasoma.

— Bado hajazaliwa! alisema Hilali, akimimina.

Injinia hakukubali kushindwa.

— Mle kuna chatu. Ameshapewa mkataba. Nikipita namsikia anakoroma.

— Chatu anakoroma?

— Huyu wa serikali anakoroma.

Mboje alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. Ndipo akatokea mama mmoja, begi mkononi, mtoto mgongoni.

— Mwangaluka, alisalimu kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu. Karibu, mama.

Akajitambulisha: Felisita, muuguzi, kahamishiwa hapa kutoka Lalago. Analala gesti na mwanawe, na vyumba vyote alivyooneshwa viko mbali na hospitali.

— Ile nyumba pale haina mtu. Ufunguo anao nani?

Injinia akamtazama Jaji. Jaji akamtazama Hilali. Hilali akajifanya anapuliza mkaa. Mboje aliona aibu: maneno yote yale, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda kuuliza.

Akaweka kikombe chini.

— Sijui, mayu. Ila ofisi ya nyumba za watumishi naijua. Twende.

Injinia akawasha pikipiki, akampakia mama na mtoto. Mboje na Jaji wakafuata kwa miguu, Jaji akihema na kulalamikia jua. Ofisini, karani akainua macho, akashangaa kuona muuguzi mmoja amesindikizwa na wanaume watatu.

— Mama huyu amekuja kuomba nyumba, nimeelewa. Na nyie ni nani zake?

Mboje akavua kofia.

— Majirani zake.