Kabla Kitufe Hakijabonyezwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa chumba cha majaribio, mliojibanza huko nyuma karibu na mlango: habari za asubuhi.

Nimepewa dakika chache nishukuru, kisha mgeni rasmi abonyeze kitufe, na tovuti yetu ya barabara ianze kuwaonyesha watu foleni iko wapi na wapite wapi. Nitashukuru. Lakini tangu nikae pale mbele miguu yangu haitulii, na aliyenitazama atadhani nimekalia siafu.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Tunamwita mtu asiyeijua tovuti, tunamwambia, "Tafuta njia ya kwenda hospitali," halafu tunanyamaza, tunamtazama. Kunyamaza! Nani kati yetu alilelewa hivyo? Mgeni anahangaika mbele yako, nawe umekunja mikono? Dada yetu mmoja, tunayemwita Subira kwa utani maana hana hata chembe, alishindwa kabisa. "Hapo juu, mama... hapana, kulia kidogo... ehee, hapo hapo!" Mama anabonyeza, anafika, tunapiga makofi, tunaandika: amefaulu. Wote walifaulu. Jamani, aliyefaulu ni Subira.

Wiki hii Subira akashikwa na mafua, akabaki nyumbani. Nikamwita shemeji yangu, dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maneno mengi. Nikampa upande wa mji asiouzoea. Akachezesha kidole, akachagua njia fupi, akajipiga kifua: "Nimefika! Leteni chai." Kumbe kwenye ramani amepita kwenye daraja lililobomolewa ili lijengwe upya. Tulilichora kwa mstari mwembamba wa kijivu, na onyo lake tumelificha mahali ambapo Subira ndiye aliyekuwa akiwaonyesha watu. Nilipomweleza, akainamia kioo kuutazama mstari ule kwa karibu. Baadaye akaniuliza, "Shem, na kama ningekuwa na mgonjwa nyuma?" Swali hilo linaniogopesha mpaka sasa.

Nikapeleka habari juu. Nikaambiwa kadi zimeshatoka, wageni wameshaalikwa, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Haya, tuyaoge sisi tuliovua. Huyo mgonjwa alivua lini?

Mkurugenzi wangu, usinikunjie uso. Nakuheshimu, ndiyo maana nasema mbele yako, si nyuma ya mgongo wako. Namwona na mshereheshaji ananionyesha saa. Namalizia, ndugu yangu, namalizia.

Nawashukuru wenzangu kwa moyo mweupe. Mmefanya kazi kwa huruma, na huruma si kosa, ila hatuwezi kumpakia Subira kwenye kila gari. Nawashukuru na ninyi nyote mlionitegea masikio, hata mliokuwa mkitazama mlango wa chakula.

Mheshimiwa, kabla hujabonyeza kitufe, nina ombi moja tu. Kompyuta ni hiyo mbele yako. Tafuta njia ya kwenda hospitali. Na ninyi wengine, tafadhali sana, mtu yeyote asimwelekeze.