Mzee Brashi na Sura za Ukuta wa Soko

Marehemu baba yetu, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Brashi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe mshonaji. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, daftari zake zikiwa zimejaa sura za walimu. Alichapwa kwa hilo, ila mwalimu mkuu alibaki na picha aliyochorwa yeye.

Mwaka 1970 alianza kuchora mabango. Kila uchaguzi, wagombea wote walimfuata, naye akawachora kwenye ukuta mmoja wa soko, sura zote kwa kipimo kimoja. Siku zile zilikuwa tamu jamani. Mahasimu walikaa benchi moja kungoja zamu, utani mtindo mmoja. Mgombea mmoja aliwahi kumwonyesha hasimu wake kwa kidole:

"Mzee, huyu mpunguzie pua, kura zenyewe hana."

"Pua ni yake," baba alijibu, "kura ni za watu."

Mwaka 1976 alimwoa mama yetu, muuza vitambaa. Walijuana mama alipokuja kulalamika kuwa bango la duka lake limemnenepesha mashavu. Baba alilikosea tena makusudi, mara mbili, ili aendelee kuja.

Mambo yaliharibika polepole. Kwanza mkubwa aliyekuwa madarakani alitaka sura yake ipite za wenzake. Kisha wenzake wakaitwa maadui, na mwaka 2016 baba akaamriwa awafute. Alikubali bila ubishi, na sisi wanawe tukamnunia. Kumbe alipaka chokaa tupu juu ya rangi ya mafuta. Mvua ya kwanza iliposhuka, wote walirudi ukutani, wakiwatazama watu wakinunua nyanya. Soko zima lilicheka mpaka askari walipofika kumkamata baba.

Alitoka kizuizini akiwa na kifua kibovu, na mkono wa kulia haukushika brashi tena. Ilituuma sana. Alifariki nyumbani tarehe 2 Oktoba 2023, mama akiwa amemshika mkono ule ule.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Ukuta ulibomolewa, na siku hizi tunapiga kura ya jina moja. Lakini benchi lake tunalo, ndilo lile pale mbele. Waliolikalia ni mwenye pua na yule aliyeomba ipunguzwe. Tangu asubuhi wanapokezana leso moja.

Mungu amlaze pema baba yetu, fundi aliyekataa kumpunguzia mtu pua.