Christella Uyirwoth na Kona ya Blanketi

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, Mama Charlotte alikaa kwenye kiti nyuma ya mlango wa nyumba yake, mtaa wa Bigo mjini Bunia, simu mapajani. Jioni mkwe wake Vital alikuwa amempigia kutoka Tchomia, alikokuwa akimuuguza mkewe Christella. “Mama, iko anakunywa maji kidogo. Weye ulale.” Kisha mtandao ukakatika. Hakulala. Kila pikipiki iliyopita aliisikiliza mpaka sauti ikaisha. Kulipopambazuka simu ikalia, naye akauliza, “Amekula?” Vital alikuwa analia. Ndivyo familia ilivyojua kwamba binti yao hayupo tena.

Christella Uyirwoth alizaliwa Mahagi tarehe 3 Septemba 1996, mtoto wa kwanza wa Charlotte na marehemu Edouard Ucircan, aliyekuwa akiuza samaki wakavu Iga Barrière. Mwaka 2003, vita vilipofika Bunia, Christella alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Familia ilikimbilia kando ya ziwa, ikalala katika nyumba ya watu, wote chini ya blanketi moja la kuazima. Kila mmoja alivuta upande wake. Gizani mtoto akauliza, “Na miye, kona yangu iko wapi?” Edouard akacheka, siku ambayo hakuna mwingine aliyecheka, akamshikisha kona moja. Mtoto akalala ameifumbata.

Waliporudi Bunia alimaliza shule ya msingi, kisha akasomea ushonaji, akapata diploma ya serikali mwaka 2015. Aliweka cherehani barazani kwa mama yake. Kijana mmoja wa pikipiki, Vital Kasereka, alianza kuleta suruali yake kushonwa, wiki hii goti, wiki ijayo mfuko. Mwishowe jirani yao Emérance akashindwa kunyamaza: “Vital, hii patalo unaipasula weye mwenyewe? Sema unatafuta nini, mutoto wa watu apumzike!” Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 2017. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Débora.

Mwaka 2019, watu walipomiminika mjini wakikimbia mauaji, Christella na Emérance walianza kukusanya vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi, wakashona mablanketi ya viraka. Hivyo ilizaliwa Sikukuu ya Viraka. Kila mwisho wa Januari akina mama walitundika mablanketi kwenye kamba uwanjani, watu wakaja kuyatazama, wakaimba, wakala, kisha yakapelekwa kambini kwa hao waliokimbia. Hakuna aliyelipwa. Christella aliweka sheria moja: kila blanketi liachwe kona moja bila kiraka. Atakayelipokea atoe kipande cha nguo yake mwenyewe, akishone pale, liwe lake kweli. Na fundi asirudi nyumbani kabla kona zote hazijafungwa.

Mama yake hakupenda safari hizo. Ni mtu wa kufunga mlango mapema, na Christella alimtania kila mara: “Mama, jua lingali linawaka na weye umeshafunga. Unaogopa hata kuku?” Safari ya mwisho, kwenda kambi ya karibu na Tchomia, Charlotte alimsindikiza mpaka barabarani. “Urudi leo.” “Nitarudi, Mama. Usinifungie inje.”

Wenzake walirudi jioni hiyo. Yeye alibaki. Mwanamke mmoja, Elisabeth, alikuwa amefika kambini na nguo aliyovaa tu, hana cha kukata. Christella alichana ukingo wa kitenge chake mwenyewe akampa. Kabla hawajamaliza kushona, Elisabeth akashikwa na kipindupindu. “Kona yake ingali wazi, Mama,” alisema Christella kwenye simu. “Na hana mutu wa kumushikia kikombe.” Elisabeth alipona. Kisha Christella akaugua ugonjwa uleule. Vital alimfuata kwa pikipiki, akamkuta bado anaongea, anauliza kama Débora amesukwa nywele. Alifariki alfajiri ya tarehe 9, akiwa na miaka ishirini na minane.

Mama yake aliomba mwili uingie nyumbani kidogo tu, kama ilivyo desturi, ndipo uende kaburini. Watu wa afya walikataa kwa upole: jeneza halifunguliwi, wala haliingii nyumba yoyote. Katika matanga, akina mama wa Sikukuu walishona blanketi la kuteremshwa juu ya jeneza. Emérance alimletea Charlotte sindano. “Mama, kata kipande cha kitenge chako, ufunge kona.” Charlotte alikataa. “Hiyo kona ni yake. Muache aishike.”

Christella ameacha mume, Vital. Binti, Débora, wa miaka sita. Mama yake, Charlotte. Wadogo zake, Aimé na Solange. Emérance na akina mama wote wa Sikukuu ya Viraka. Na watu wengi kambini wanaolala chini ya kazi ya mikono yake.

Leo gari lenye jeneza litapita polepole mbele ya nyumba ya Bigo, wala halitasimama. Mama yake ameufungua mlango wote tangu asubuhi, akauwekea jiwe ili upepo usiurudishe. Christella alale salama. Jua litazama, na mlango ule hautafungwa.