Vidole Vinne vya Nusaiba

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Ofisa Elimu Kata, wazee wetu shikamooni, wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi watoto mliojaa chaki mpaka kwenye kope: asalamu aleikum! Bwana asifiwe!

Hotuba niliyoandika imo mfukoni, na humo itabaki. Mimi Kornelio, mwalimu wa hisabati hapa Kivinje kwa miaka ishirini na sita, nimepigwa na butwaa, na bado sijapoa.

Mmeona wenyewe. Leo tunasherehekea pai, ile namba inayotuambia kwamba mzingo wa duara ni kipenyo chake mara tatu na kipande. Nikawapa watoto nyungo zisizo na ukingo, nikasema: kateni ufito wa kuzunguka ungo, lakini msiuzungushe kabla ya kuukata. Wa Jafari ukapelea shubiri nzima. Wa Witness ukabaki mrefu mpaka akajivika bangili. Nusaiba hakushika hata kalamu. Alipima upana mara tatu, akalaza vidole vinne, akakata. Ukakutana sawasawa! Nani hapa hakupiga kelele?

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

"Bibi Mboni, yule msukaji wa nyungo, Mwalimu. Ungo wa kupepetea ni mara tatu na vidole vinne."

Jamani, hapo nikakumbuka. Wiki mbili zilizopita, kwenye mtihani wa majaribio, katika swali la mzingo wa ungo, nilimwona mtoto huyuhuyu akilaza vidole vinne juu ya dawati. Jibu lilikuwa D, herufi ya nne. Nikasema, ala, huyu anampa mwenzake ishara! Nikampa sifuri mbele ya darasa, nikamtoa kwenye timu ya mashindano ya Lindi. Alilia tu, hakujitetea. Angejiteteaje kwa mwalimu aliyekwisha kuhukumu?

Mungu wangu! Miaka yote hiyo nafundisha pai, nikaikuta juu ya dawati la mtoto, nikaiita wizi!

Bibi Mboni, niwie radhi. Nusaiba, mwanangu, nilikuadhiri mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba msamaha. Sifuri nimeifuta. Basi la Lindi linaondoka Alhamisi, nawe utakuwemo.

Njoo hapa mbele, uwaeleze wageni kazi ya hivyo vidole. Kipaza sauti hakiumi. Ndugu zangu, mimi mmenisikiliza vya kutosha, asanteni sana. Sasa msikilizeni yeye.