Katuni ya Dukani kwa Mzee Vinod

Ndani ya basi la Usa River, Agnela alikatiza sala, Mungu amsamehe, akawasikiliza watu wawili waliokaa mbele yake, ambao zamani walikuwa majirani huko Moshono.

"Ile katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kihindi, tuliyoitazama utotoni dukani kwa Mzee Vinod," alisema Anneth, "yule mtoto si alimpata mama yake?"

"Hakumpata," alijibu Ludovick. "Nimeiona tena kwa Kiingereza. Mama alishakufa."

"Acha uongo, kaka! Mzee ndiye aliyetutafsiria."

"Alikuonea huruma, dada. Mlikuwa mmetoka kumzika mama yenu."

"Nami nikamsubiri mama mpaka nilipomaliza la saba," alisema Anneth polepole.

Konda akaita, "Makumira!" Ludovick alikuwa wa kushuka hapo, lakini hakuinuka. Agnela akairudia sala yake, akamwingiza humo na yule dada.